Kilomita Tupu: Nani Apange Nauli ya Teksi Thika na Ruiru?

Agosti 2024, abiria wa teksi za apu nchini Kenya walianza kuingia garini na kukuta kadi iliyofunikwa plastiki ikining'inia nyuma ya kiti cha mbele. Safu moja ilionyesha bei ya apu, nyingine bei ya dereva, na ya dereva ilikuwa juu. Abiria alipe ya kadi au ashuke. Uber iliwaonya madereva kwamba kudai zaidi ya bei iliyo kwenye simu ni kuvunja masharti; Bolt nayo ikapandisha nauli kwa asilimia 10. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Julai, madereva walikuwa wamegoma. Walikuwa wamegoma Julai 2018 pia, na mwaka 2016 waliandamana. Dai halijawahi kubadilika: nauli haitoshi, na aliyeipanga hawamwoni.

Habari hizi huandikwa kana kwamba ni za Nairobi peke yake. Ukweli ni kwamba zinauma zaidi ukifuata Barabara Kuu ya Thika hadi mwisho. Kwa sensa ya 2019, Ruiru ilikuwa na wakazi 490,120, mji wa nne kwa ukubwa Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na 251,407. Tangu barabara hiyo ikamilike mwaka 2012, mashamba ya kahawa yamegeuka ploti na ploti zimegeuka magorofa. Barabara yenyewe ni pana na lami yake safi. Ukiiacha ukaingia Matangi au Kiganjo, unakutana na vumbi, matuta na mashimo ya mvua ya mwaka jana. Na huko ndiko abiria wanakoishi.

Mjadala huu una sauti tano. Hazina majina kwa sababu si za watu fulani. Ni hoja zinazosikika katika steji, vibanda vya kuoshea magari na sebule za watu kati ya miji hii miwili, zimewekwa hapa zijibizane.

Aanze Mkongwe. Huyu aliendesha teksi Thika enzi ambazo simu ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Gari lake lina mstari wa manjano ubavuni, kama sheria ilivyotaka.

"Vijana hawa wanalia kwamba nauli imepangwa na mashine," anasema. "Mimi sikuwahi kupangiwa na mtu. Hatukuwa na mita. Mteja akija na mizigo, akija usiku, akija na mvua, tunaongea. Tukielewana anapanda. Tusipoelewana anaenda kwa mwenzangu, na mwenzangu atamtajia bei ile ile, kwa sababu steji ni yetu sote."

"Hapo ndipo tatizo lilipokuwa, mzee," anamkatiza Abiria. Ni muuguzi, na zamu zake huisha saa ambazo matatu zimepungua. "Nikitoka kazini usiku, mlikuwa mnanitajia bei kwa kuangalia nilivyochoka. Leo nikifungua simu naona nauli kabla sijatoka wodini, naona nambari ya gari, na dada yangu nyumbani anafuatilia nilipofika. Hayo yote hamkunipa."

Mkongwe hana jibu zuri kwa hilo, na hakuna haja ya kumtungia. Teksi nyingi za Kenya nje ya kampuni chache kubwa hazikuwahi kuwa na mita. Kwa mkazi wa kawaida wa Thika, apu ndiyo iliyoleta bei inayojulikana kabla ya safari, na iliileta bila bunge, bila kaunti na bila wizara. Serikali ilipokuja kuzungumzia udhibiti, kampuni zilikuwa zimeshadhibiti kwa njia yao. Swali la leo kwa hiyo halihusu kama nauli idhibitiwe. Imekwisha kudhibitiwa, linalobaki ni nani anaishika kalamu.

Mkongwe ana kijembe kimoja lakini, na kinastahili kusikika. "Kuna apu sasa abiria anataja bei yake, dereva anakubali au anaongeza. Si ndiyo biashara yangu mliyonicheka nayo? Mmeirudisha kwenye kioo cha simu tu." Anaisema inDrive, ambayo huwaacha pande mbili zibishane bei. Tofauti ni kwamba katika steji ya Mkongwe wabishi walikuwa wawili. Kwenye simu, abiria mmoja anabishana na madereva sita kwa mpigo, na mwenye njaa kuliko wote ndiye anayeshinda.

Dereva sasa. Ni wa Ruiru, anaendesha gari dogo ambalo si lake. Hana muda wa hotuba, anatoa hesabu.

Tuseme ameegesha Ruiru mjini, karibu na kituo cha reli. Simu inalia: abiria yuko Matangi, kilomita 3 ndani. Anamfuata. Abiria anakwenda kilomita 4, nauli 250. Anamshusha mahali ambapo hakuna wa kumbeba kurudi, kwa hiyo anarudi mtupu kilomita 3 nyingine. Gari limekwenda kilomita 10 na kulipwa 4. Kamisheni ya asilimia 18 ni shilingi 45, zinabaki 205. Kwa barabara ya vumbi gari hilo likienda kilomita 12 kwa lita, na petroli ikiwa shilingi 180, kila kilomita inakula shilingi 15. Kilomita 10 ni 150. Mkononi zimebaki 55, na bado hajanunua bando, hajaosha gari, hajatenga fedha za mwenye gari.

"Nikipata tripu kumi za namna hiyo kwa siku nimepata 550," anasema. "Mtu wa mjengo ananishinda, na yeye hana deni la gari la mtu."

Hesabu hii ndiyo kiini cha suala, na mara nyingi hupotea katika kelele za mgomo. Katikati ya Nairobi dereva akimshusha abiria Westlands kuna uwezekano mkubwa wa kuokota mwingine hapo hapo. Apu hujengwa juu ya uwezekano huo. Ruiru na Thika hazijajengwa hivyo: asubuhi watu wote wanatoka mitaani kwenda barabara kuu, jioni wote wanarudi, na katikati ya mchana Ngoingwa na Kihunguro zimetulia kabisa. Nauli ya chini ya kilomita inayoweza kuvumilika mahali ambapo gari halikosi mtu inageuka kuwa hasara mahali ambapo nusu ya mwendo ni mtupu.

Mama Mwenye Gari, ambaye katika migomo husahaulika, anaweka la kwake. Alichukua mkopo akanunua Demio, akaisajili, akailipia bima ya magari ya abiria ambayo ni ghali kuliko ya gari la kibinafsi, akaipeleka ukaguzi. "Dereva akisema biashara ni mbaya, mimi benki haisikii neno hilo. Kila mtu hapa anaweza kuzima simu akalala. Mkopo haulali."

"Mama, tunakuelewa," anasema Dereva. "Lakini nauli iliposhuka, bado ulinitaka nilete kiasi kile kile ulichokuwa ukipokea kabla."

Anasema kweli. Mwaka 2015 Uber ilipoingia Nairobi, nauli zilivutia watu wengi kuchukua mikopo ya magari. Julai 2016 kampuni hiyo ilizipunguza kwa kiasi kikubwa: kilomita ikashuka kutoka shilingi 60 hadi 35, na nauli ya chini kabisa kutoka 300 hadi 200. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba bei ikishuka safari zitaongezeka, na dereva atapata kwa wingi alichopoteza kwa bei. Mwaka uliofuata kilomita ilipandishwa kidogo hadi 42. Januari 2018 ikaja Chap Chap, huduma ya bei nafuu zaidi iliyotumia Suzuki Alto. Bolt, ambayo wakati huo iliitwa Taxify, ilikuwa imeshaingia mwaka 2016 na kushindana kwa bei, na Little ya Craft Silicon na Safaricom ilizinduliwa mwaka huo huo.

Katika kipindi hicho mafuta hayakungoja. Mwaka 2016 lita ya petroli Nairobi iliuzwa chini ya shilingi 100. Oktoba 2023 ilifika 217.36.

Hapa anaingia Mwalimu, mhadhiri wa uchumi ambaye hapendi serikali iguse bei yoyote. Si mtu wa kudharauliwa. Hoja zake ni ngumu kuliko za wengine wote.

"Mnataka nauli ya teksi ipangwe," anaanza. "Haya, niambieni: mlipanda nini kuja hapa? Matatu. Nani alipanga nauli ya matatu? Hakuna. Kenya haipangi nauli za matatu, zinaamuliwa na Sacco za wenye magari zenyewe, na mvua ikinyesha jioni mnaongezwa hamsini mkiwa mmesimama foleni. Tanzania, LATRA, mamlaka yao ya udhibiti wa usafiri ardhini, hupanga hata za daladala, sisi hatujawahi kuwa na utaratibu huo. Sasa mnataka kumlinda mwenye kupanda teksi, ambaye kwa kawaida ana uwezo zaidi, na kumwacha wa matatu?"

Hajamaliza. "Pili, madereva wakikaa pamoja wakakubaliana bei na kuichapisha kwenye kadi, kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza wafanyabiashara kuafikiana bei. Wao ndio wanaosema ni wafanyabiashara huru. Tatu, pandisheni nauli mkitaka. Yule wa Matangi atachukua boda kwa shilingi 100, na dereva wenu atakaa Ruiru mjini akingoja simu isiyolia."

Dereva anacheka bila furaha. "Mwalimu, mimi ni mfanyabiashara wa aina gani nisiyejua bei ya bidhaa yangu mpaka mteja ameshainunua?"

Jibu hilo linabeba zaidi ya linavyoonekana. Matatu haifanani na apu. Sacco inayopanga nauli ya Thika hadi Nairobi ina ofisi, ina mwenyekiti, na makanga akizidisha anasikia matusi papo hapo. Kwenye apu, anayepanga bei hauzi safari kwa jina lake wala hainunui. Anakaa katikati, anaiamulia pande zote mbili kwa wakati mmoja, na hubadilisha bei kwa dakika kufuatana na mahitaji. Sheria ya ushindani inamtisha dereva anayeafikiana bei na mwenzake wakinywa chai, lakini kampuni inayowapangia maelfu ya madereva bei moja inaitwa teknolojia. Mtu anaweza kuitetea hali hiyo, ila asiiite soko huria.

Serikali ilijaribu kuingilia mwaka 2022. Kanuni za NTSA, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, kuhusu kampuni za usafiri wa mitandao zilizitaka kampuni kuwa na leseni, na zikaweka kikomo cha kamisheni: asilimia 18 ya nauli. Uber ilikuwa ikikata 25, Bolt 20. Madereva walishangilia, Uber ikazipinga. Kisha likaja suala la ada ya kuagiza safari, iliyotozwa juu ya kamisheni. Oktoba 2023 NTSA ilikataa kuhuisha leseni ya Bolt hadi malalamiko ya madereva kuhusu kamisheni na ada hiyo yashughulikiwe. Baadaye kampuni iliendelea na kazi. Kikomo kilikuwa kimewekwa kwenye jina moja la makato, na makato yakatafuta jina lingine.

Lakini hata bila ada yoyote, asilimia 18 ilikuwa imelenga mahali pasipofaa sana. Ichukue nauli ile ile ya chini ya mwaka 2016. Nauli ikiwa 300 na kamisheni asilimia 25, dereva anabaki na 225. Ikishuka hadi 200 kwa kamisheni ile ile, anabaki na 150. Bei ilipokatwa, alipoteza shilingi 75 kwa safari moja. Kikomo cha asilimia 18 kwenye nauli ya 200 kinamwachia 164, yaani kinamrudishia 14. Ndiyo maana miaka miwili baada ya ushindi wa 2022 madereva walikuwa barabarani tena, na watu wengi wakashangaa wanataka nini zaidi.

"Basi pangeni bei moja kwa nchi nzima, yaishe," anasema Mkongwe, ambaye ameanza kuuonea raha mjadala.

Mwalimu anamwelekeza Dar es Salaam. Mwaka 2022 LATRA ilipanga nauli elekezi za teksi mtandao na kushusha kamisheni hadi asilimia 15. Aprili mwaka huo Uber ilisimamisha huduma Tanzania. Agosti, Bolt ilipunguza huduma na kubaki na wateja wa makampuni. Ilipofika mwisho wa mwaka LATRA ililegeza: kamisheni hadi asilimia 25, na ada ya kuagiza ya asilimia 3.5. Uber ikarejea mwanzoni mwa 2023. "Nani alishinda?" anauliza Mwalimu. "Miezi hiyo yote dereva alikula nini?"

Ni funzo zito, na madereva wa Kenya wangefaa kulitafakari kabla ya kudai bei moja kutoka Wizara ya Uchukuzi. Kampuni inayofanya kazi katika nchi nyingi inaweza kuzima mashine zake katika nchi moja na kungoja. Anayeendesha Demio ya mkopo hawezi kungoja. Hata hivyo, Tanzania haikuthibitisha kwamba udhibiti haufanyi kazi. Ilichothibitisha ni kwamba ukibana bei na kamisheni kwa pamoja, kwa mkupuo, bila kuacha mahali pa kupumulia, mwenye mfuko mkubwa atakushinda kwa subira.

New York walikwenda kwa njia nyingine. Tangu Februari 2019, tume ya teksi ya jiji hilo haimpangii abiria wa apu nauli. Inapanga kiasi cha chini ambacho dereva lazima alipwe, dola 17.22 kwa saa baada ya gharama wakati ule. Fomula yao inahesabu pia muda ambao gari liko barabarani bila abiria: magari yakizunguka matupu zaidi, malipo ya chini kwa kila safari yanapanda. Kilomita tupu ya dereva wa Ruiru, ambayo kwake ni hasara ya kimya kimya, huko imewekwa kwenye karatasi na kupewa bei.

Abiria amekuwa kimya muda mrefu. "Yote hayo mazuri," anasema. "Lakini kiwango cha chini kikipanda, mimi ndiye nitakayelipa. Na dereva akipata kiwango chake, je, ataacha kunipigia simu kuniuliza naenda wapi, kisha akafuta safari? Ataacha kuniambia tutoke nje ya apu nimlipe M-Pesa moja kwa moja? Siku hiyo tukipata ajali, nitasema nilikuwa na nani?"

Hoja yake ndiyo inayopaswa kuamua sura ya kanuni yoyote. Dereva hufuta safari ya Matangi kwa sababu mwendo wa kumfuata abiria haulipwi. Ukilipwa, sababu kubwa ya kufuta inaondoka. Anayetoka nje ya apu anakimbia makato na bei, na abiria naye anaacha ulinzi wote aliosifu mwanzoni. Kwa hiyo kiwango cha chini kiambatane na adhabu halisi kwa anayedai zaidi ya kilichoandikwa, na bei ya saa za msongamano iwe na dari. India, kwa mfano, mwaka 2020 iliweka mwongozo kwamba nauli ya wakati wa mahitaji makubwa isizidi mara moja na nusu ya nauli ya msingi. Muuguzi wa zamu ya usiku asilipishwe mara tatu kwa sababu mvua imenyesha Thika.

Nani aandike haya? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, pamoja na maegesho na uelekezaji wa magari. Kiambu kwa hiyo ina sauti, ingawa hadi sasa dereva huisikia zaidi pale inapodai ada ya maegesho. Leseni za kampuni zinabaki kwa NTSA. Kugawa kazi si vigumu: kiwango cha chini cha kilomita kitoke NTSA, kaunti iseme ni mitaa ipi ambayo mwendo wa kumfuata abiria lazima ulipwe kwa sababu barabara na umbali vinadai hivyo. Na kwa kuwa EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, hakuna sababu ya kiwango hicho kukaa miaka bila kuguswa petroli ikiruka. Kampuni ziachwe zishindane juu ya kiwango hicho kadiri zinavyotaka: kwa huduma, kwa usalama, kwa kamisheni ndogo. Zisishindane kwa kushusha mkate wa mtu ambaye hazimwajiri.

Mwalimu hakubali. Anasema safari zitapungua, na kwa kiasi fulani yuko sahihi. Baadhi ya tripu za shilingi 150 zitahamia boda. Lakini tripu inayomwachia dereva hasara haikuwa biashara tangu mwanzo. Ilikuwa punguzo alilopewa abiria kutoka mfukoni mwa Dereva na mwa Mama Mwenye Gari, na hakuna kati yao aliyeulizwa.

Kanuni za 2022 ziliweka kikomo cha kamisheni bila kuweka kiwango cha chini cha nauli kwa kilomita. Zikifunguliwa tena kwa maoni ya umma, kama sheria inavyotaka, madereva wa Ruiru na Thika waende na rekodi za mwendo wote wa magari yao, wa kulipwa na wa kutolipwa, na waende pamoja na abiria wao.